Kinundu Ambacho Hakuna Aliyekitafuta

Mgonjwa wa saratani ya titi anapigwa picha ya CT ya kifua ili daktari wake ajue kama ugonjwa umefika kwenye mapafu au ini. Majibu yanatoka: mapafu safi, ini safi. Lakini chini kabisa ya karatasi, baada ya maelezo marefu kuhusu moyo na mifupa ya mgongo, kuna mstari mmoja unaosema kwamba kinundu cha milimita 9 kimeonekana upande wa kulia wa tezi ya thairoidi na kwamba inashauriwa apimwe kwa altrasaundi. Hakuna aliyekwenda kukitafuta kinundu hicho. Picha ya kifua huanzia chini ya shingo, na tezi hiyo imekaa papo hapo, kwa hiyo nayo huonekana. Mstari huo mmoja unaweza kumkosesha mtu usingizi kuliko habari njema zote zilizoutangulia, maana mtu aliyekwisha kuambiwa mara moja kwamba ana saratani, akisikia kuna kitu kimeota shingoni, anachosikia ni saratani ya pili. Hoja yangu ni kwamba kwa mtu anayetibiwa saratani nyingine, kinundu cha namna hii kisifukuziwe kwa sababu tu kimeonekana. Kwanza itazamwe saratani aliyo nayo imefika wapi, kisha iulizwe kama kukijua kinundu hicho kutabadilisha chochote katika matibabu yake au katika maisha yake. Kwa wengi jibu litakuwa hapana, au si sasa. Kwa wachache litakuwa ndiyo, na hao wanastahili kutambuliwa mapema.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo. Ina pande mbili zilizounganishwa katikati, na kwa mtu mzima uzito wake ni takriban gramu 20. Hutengeneza homoni zinazoamua mwili utumie nguvu zake kwa kasi gani, na ndiyo maana ikiharibika huathiri mapigo ya moyo, joto la mwili, uzito, hata hedhi. Ili itengeneze homoni hizo inahitaji madini joto. Ikiyakosa kwa muda mrefu huvimba, ikawa rovu. Lakini hata kwenye tezi isiyovimba huota vinundu, na vinundu hivi ni jambo la kawaida mno. Daktari akipapasa shingo kwa vidole, huvikuta kwa watu 5 hivi katika kila 100. Akitumia altrasaundi, hesabu inapaa: tafiti mbalimbali zimevikuta kwa watu kati ya 19 na 68 katika kila 100, kutegemea umri na jinsia ya waliopimwa, wanawake na wazee wakiongoza. Mwaka 1955 madaktari wa Kliniki ya Mayo nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa maiti 821 za watu ambao wakati wa uhai wao tezi zao zilionekana hazina tatizo lolote. Karibu nusu yao walikuwa na vinundu. Mwaka 1985 watafiti wa Finland walikwenda mbali zaidi: walizikata tezi za maiti 101 katika vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini. Katika 36 kati ya hizo 101 walikuta saratani, nyingi zikiwa ndogo mno, kwa watu waliokufa kwa sababu nyingine kabisa. Watafiti hao walifikia hatua ya kupendekeza kwamba saratani ndogo kabisa za aina hiyo zihesabiwe kuwa hali ya kawaida ya mwili.

Taarifa hiyo ya Finland ingepaswa kubadilisha namna tunavyolisikia neno saratani linapotajwa pamoja na tezi hii, lakini haikubadilisha upesi. Saratani za thairoidi si za namna moja. Zaidi ya 80 katika kila 100 ni za aina inayoitwa papilari, ambayo mara nyingi hukua polepole sana, hata mtu akazeeka nayo bila kujua. Pembeni yake kuna aina chache zilizo hatari kweli, kama ile ya anaplastiki, ambayo huua wengi wa walioipata ndani ya mwaka mmoja, na ile ya medula, ambayo wakati mwingine hurithiwa. Kipimo chochote kinachotazama watu wengi wasio na dalili kitaokota ile ya kwanza kwa wingi, kwa sababu ndiyo iliyojaa, na ndiyo inayokaa miaka mingi ikisubiri kuonekana. Ile ya anaplastiki hukua kwa kasi ya wiki chache, na kwa kawaida mgonjwa huja mwenyewe na shingo iliyovimba. Ukivua kwa wavu wa macho madogo, utarudi na dagaa tele, lakini papa hapungui baharini.

Korea Kusini ilitoa ushahidi wa jambo hili kwa kiwango cha taifa zima. Mwaka 1999 serikali yake ilianzisha mpango wa kuwapima wananchi saratani za kawaida kama ya tumbo, titi na shingo ya kizazi. Altrasaundi ya thairoidi haikuwa sehemu ya mpango huo, ila hospitali na zahanati ziliiuza kama nyongeza ya bei nafuu: mtu amekuja kupimwa titi, anaongeza pesa kidogo anapimwa na shingo. Kufikia mwaka 2011, saratani za thairoidi zilizogunduliwa zilikuwa zimeongezeka mara 15 zikilinganishwa na mwaka 1993. Zaidi ya watu 40,000 waliambiwa wana ugonjwa huo kwa mwaka mmoja, nao ukawa saratani inayogunduliwa zaidi nchini. Kama kweli wagonjwa wangeongezeka mara 15, vifo vingeongezeka. Na kama wangekuwa wanaokolewa kwa kuwahiwa, vifo vingepungua. Haikuwa hivi wala vile. Vifo vilibaki vilevile. Karibu wote waliogunduliwa walipasuliwa, wengi wao wakaondolewa tezi yote, na kumbukumbu za bima za wagonjwa zaidi ya 15,000 waliofanyiwa upasuaji zilionyesha kwamba 11 katika kila 100 walipata upungufu wa homoni inayodhibiti kalisi mwilini, na 2 katika kila 100 wakapooza mishipa ya sauti. Mwaka 2014 kundi la madaktari wa huko huko lilijitokeza hadharani kupinga upimaji huo, na katika mwaka mmoja tu idadi ya upasuaji ikashuka kwa takriban theluthi moja. Baadaye wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, walikadiria kwamba kwa wanawake wa Korea Kusini takriban 90 katika kila 100 ya saratani za thairoidi zilizogunduliwa kati ya mwaka 2003 na 2007 hazingeleta madhara yoyote kama zingeachwa bila kujulikana. Marekani na Italia makadirio yalikuwa 70 hadi 80.

Mtu anaweza kusema kwamba makadirio ni makadirio, na kwamba hakuna anayeweza kumwacha mgonjwa na saratani shingoni ili tu aone kitakachotokea. Wajapani walifanya hivyo, kwa uangalifu na kwa ridhaa ya wagonjwa. Tangu mwaka 1993, katika Hospitali ya Kuma mjini Kobe, daktari Akira Miyauchi na wenzake walianza kuwapa watu wenye saratani ya papilari isiyozidi sentimita 1 nafasi ya kuchagua kati ya kupasuliwa na kufuatiliwa kwa altrasaundi mara kwa mara. Waliokuwa na uvimbe uliogusa bomba la hewa au uliokaa karibu na mshipa wa fahamu wa sauti, au waliokuwa na mitoki yenye saratani, hawakuwekwa katika kundi hilo. Mwaka 2014 walichapisha matokeo ya watu 1,235 waliofuatiliwa. Baada ya miaka 10, uvimbe uliongezeka kwa milimita 3 au zaidi kwa watu 8 katika kila 100, na saratani ikaonekana kwenye mitoki ya shingo kwa watu wasiofika 4 katika kila 100. Waliopasuliwa baadaye walitibika, na hakuna aliyekufa kwa saratani ya thairoidi. Jambo jingine walilolibaini ni kwamba wazee, ambao katika saratani nyingi ndio wenye hali mbaya zaidi, hapa walikuwa na uvimbe uliotulia kuliko wa vijana. Tafadhali zingatia kwamba hawa wote walikuwa na saratani iliyothibitishwa kwa sindano. Vinundu visivyo vya saratani vimetulia zaidi: huko Italia watu 992 wenye vinundu vya aina hiyo walifuatiliwa kwa miaka mitano, na katika vinundu vyao vyote vilivyofuatiliwa, saratani ilikuja kugundulika katika 3 kati ya kila 1,000.

Sasa turudi kwa mtu aliye na saratani nyingine. Sehemu kubwa ya ushahidi huu imetoka kwa watu ambao, mbali na kinundu hicho, walikuwa wazima. Kwa mtu anayeumwa hoja inapata nguvu zaidi, kwa sababu muda wake na mwili wake tayari vimeshikwa na ugonjwa mwingine. Saratani ya kongosho ikishasambaa, hata Marekani, wanaofikisha miaka mitano ni chini ya 5 katika kila 100. Saratani ya papilari ambayo haijatoka nje ya tezi, wanaofikisha miaka hiyo mitano ni zaidi ya 99 katika kila 100. Kuanza kumchoma sindano za shingo mgonjwa wa namna ile ya kwanza ni kumtoza siku zake kwa ajili ya ugonjwa ambao hautapata nafasi ya kumdhuru. Ndiyo maana mwaka 2015 chama cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kuishi muda mrefu, au mwenye maradhi mengine mazito, asipelekwe kwenye vipimo zaidi vya kinundu kilichoonekana kwa bahati, ila kama kuna sababu ya kitabibu au yeye na daktari wake wameomba. Kwa wengine, kama picha ya CT haionyeshi dalili mbaya, mwongozo huo ulipendekeza altrasaundi iwapo kinundu kimefika sentimita 1 kwa aliye chini ya miaka 35, au sentimita 1.5 kwa aliyefikisha miaka hiyo na kuendelea. Kwa hesabu hiyo, kile kinundu cha milimita 9 hakihitaji chochote, ingawa ripoti nyingi bado huandika ushauri wa kwenda altrasaundi kwa mazoea.

Watu husema altrasaundi haiumi na sindano ni jambo dogo, kwa nini mtu asiondolewe wasiwasi? Kipimo chenyewe kweli si kikubwa. Mgonjwa hulala chali, mto ukawekwa chini ya mabega ili shingo iinuke, akaambiwa asimeze mate wala asiongee. Daktari hupaka jeli, hukitazama kinundu kwenye kioo cha mashine, kisha huingiza sindano nyembamba kuliko ile ya kutolea damu na kuichezesha mbele na nyuma kwa sekunde chache. Kinachopatikana ni matone machache, ambayo hutandazwa juu ya vipande vya kioo na kupelekwa maabara. Ugumu uko katika kinachofuata. Majibu hupangwa katika makundi sita, kuanzia sampuli isiyotosha hadi saratani iliyothibitika, na wagonjwa si haba huangukia katikati, mahali ambapo mtaalamu hawezi kusema ni salama wala kusema ni saratani. Hapo sindano hurudiwa, au hupendekezwa kukata nusu ya tezi ili tu ijulikane ni kitu gani. Kama mgonjwa yuko kwenye dawa za kemo, chembe sahani za damu yake zinaweza kuwa zimeshuka, kwa hiyo ama sindano isubiri au kemo isubiri. Akipasuliwa, dawa za saratani yake ya kwanza zitasogezwa mbele mpaka kidonda kipone. Tezi ikiondolewa yote, atameza vidonge vya homoni kila asubuhi maisha yake yote, na tezi nne ndogo zilizojificha nyuma yake, zinazotunza kalisi, zikijeruhiwa, ataongezewa na vidonge vya kalisi vya kuzuia ganzi na kukakamaa mikono. Mtu aliyeingia kwenye njia hii kutafuta utulivu wa moyo anaweza kutoka na ugonjwa wa kudumu ambao hakuja nao.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote linatoka kwenye kipimo cha PET. Katika kipimo hiki mgonjwa huchomwa sukari iliyotiwa mionzi hafifu, na sehemu zinazoila sukari hiyo kwa pupa, kama saratani nyingi, hung'aa kwenye picha. Takriban mtu 1 au 2 katika kila 100 wanaopimwa hivyo huonekana na nukta moja inayong'aa ndani ya thairoidi, na miongoni mwa nukta zilizochunguzwa hadi mwisho, takriban 35 katika kila 100 zimekuwa saratani. Hiyo ni hatari kubwa mara kadhaa kuliko ya kinundu kilichoonekana kwa CT, na si haki kuipuuza. Nakubali kwamba kinundu cha sentimita 1 au zaidi kinachong'aa hivyo, kwa mtu ambaye saratani yake ya kwanza inatibika, kinastahili altrasaundi na sindano, na ndivyo miongozo inavyosema. Lakini tuitazame hiyo 35 vizuri. Imetokana na wagonjwa ambao madaktari waliamua kuwachunguza, yaani wale waliokuwa na hali nzuri au vinundu vyenye sura mbaya. Wengi wengine hawakufika kwenye sindano. Pia sehemu kubwa ya saratani zilizopatikana ni zile zile za papilari. Mgonjwa ambaye saratani ya mapafu imeshafika kwenye mifupa hafaidiki na hesabu hiyo hata kama ingekuwa 50. Vilevile mng'ao usichanganywe: tezi nzima iking'aa sawasawa, pande zote mbili, mara nyingi ni uvimbe unaotokana na kinga ya mwili kuishambulia tezi. Dawa mpya zinazoamsha kinga ili ipigane na saratani huleta hali hiyo hiyo, na hapo kinachohitajika ni kipimo cha damu cha homoni, si sindano.

Wapo watakaouliza: je, kama kinundu hicho ni saratani ile ya kwanza iliyohamia shingoni? Inatokea. Saratani ya figo ndiyo inayojulikana zaidi kwa tabia hiyo, na inaweza kujitokeza kwenye thairoidi miaka 10 au zaidi baada ya figo kuondolewa, wakati mgonjwa na ndugu zake wameshasahau. Za mapafu, titi na utumbo mpana nazo hufika huko. Hapa swali langu la mwanzo linajibiwa ndiyo: kama mtu alidhaniwa amepona saratani ya figo, kugundua kwamba imerudi shingoni kutabadilisha kila kitu, kuanzia dawa hadi upasuaji, kwa hiyo sindano ni ya lazima. Ila kama picha hiyo hiyo tayari imeonyesha saratani imesambaa kwenye ini na mapafu, kujua kwamba imefika na shingoni hakuongezi kitu, isipokuwa uvimbe uwe unabana njia ya hewa. Wapo pia waliopigwa mionzi ya shingo au kifua utotoni kwa ajili ya saratani ya mitoki. Tezi ya mtoto huathirika sana na mionzi, kama ilivyoonekana kwa watoto wa maeneo ya Chernobyl baada ya ajali ya mwaka 1986, na vinundu vya watu hawa visichukuliwe kirahisi hata miaka mingi baadaye. Na ziko familia ambazo hitilafu moja ya kurithi huleta saratani ya titi, ya mfuko wa uzazi na ya thairoidi kwa watu wa ukoo mmoja. Hayo yote ni mambo ambayo daktari huyapata kwa kumuuliza mgonjwa historia yake, kabla ya mashine yoyote.

Katika nchi zetu pingamizi huja kwa sura nyingine. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hufika hospitali wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne, baada ya miezi ya dawa za kienyeji na safari za zahanati kwa zahanati. Mtu anaweza kuona kwamba kuzungumzia hatari ya kugundua kupita kiasi mahali ambapo shida kuu ni kuchelewa kugundua ni kuazima matatizo ya matajiri. Naona ni kinyume chake. Mashine zimeshafika: Nairobi, kwa mfano, kipimo cha PET kinapatikana katika Hospitali ya Aga Khan na katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na CT imeenea katika hospitali nyingi za rufaa za kanda nzima. Kinachobaki haba ni wataalamu wa kusoma sampuli, vyumba vya upasuaji, na pesa za mgonjwa. Familia iliyokwisha kuuza shamba kulipia kemo ikipelekwa altrasaundi, sindano, marudio ya sindano na nauli za kwenda mjini kwa ajili ya kinundu kisicho na madhara, pesa hizo zinatoka moja kwa moja kwenye mfuko wa dawa za saratani inayoua. Na vinundu huku kwetu havitakuwa haba. Nyanda za juu za kusini mwa Tanzania zilikuwa na rovu nyingi kwa vizazi, hadi vidonge vya mafuta yenye madini joto vilipogawiwa kuanzia miaka ya 1980 katika wilaya zilizoathirika zaidi, na chumvi yenye madini joto ikafuata miaka ya 1990. Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, Kongo, kilijulikana kwa watafiti tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya wingi wa rovu. Wanawake waliokulia maeneo kama hayo kabla ya chumvi hiyo sasa wamefikia umri wa kupata saratani ya titi na ya shingo ya kizazi, na wakipigwa CT, tezi zao zitaonyesha vinundu viwili, vitatu, vitano. Ni kweli kwamba saratani ya folikula, ambayo hupenda kupitia kwenye damu na kufika mifupani, huonekana zaidi penye upungufu wa madini joto kuliko penginepo, na kwa hiyo kinundu kikubwa kinachoendelea kukua kisidharauliwe. Lakini kumfukuzia kila mmoja vinundu vyake vyote kungezijaza kliniki ambazo tayari hazitoshi.

Linabaki suala la haki ya kujua. Wapo wanaodai kwamba daktari asiyekipima kinundu anamficha mgonjwa ukweli. Nadhani wanachanganya kuambiwa na kupimwa. Mgonjwa lazima aambiwe, tena kwa lugha anayoielewa, kwamba kinundu kipo, kwamba vingi vya namna hiyo si saratani, na kwamba hata kikiwa saratani kuna uwezekano mkubwa ni ile inayokwenda polepole. Aambiwe pia kwa nini daktari anapendekeza kisiguswe kwa sasa, na kitatazamwa tena lini. Baadaye akipigwa CT nyingine kwa ajili ya saratani yake ya kwanza, kinundu kitaonekana humo humo na kulinganishwa bila gharama ya ziada. Wagonjwa wa saratani hupigwa picha mara nyingi kuliko watu wengine, na hiyo ni faida ambayo hatuitumii vya kutosha. Yupo atakayesikia yote hayo na bado ashindwe kulala. Huyo apimwe. Utulivu wake una thamani, na uamuzi ni wake, mradi ameelezwa kwamba sindano inaweza kurudi na jibu lisiloeleweka. Madaktari nao wana hofu yao: hakuna anayetaka kushitakiwa kwa kinundu alichokiacha, na ni rahisi zaidi kuandika mstari wa kupendekeza altrasaundi kuliko kuandika kwamba haihitajiki. Hofu hiyo naielewa, lakini dawa yake ni kuandika sababu za uamuzi kwenye faili, si kumsukumia mgonjwa gharama za kumlinda daktari. Taaluma yenyewe imeshaanza kujirekebisha. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali liliamua kwamba uvimbe mmoja wa thairoidi uliokuwa ukiitwa saratani, ule unaobaki ndani ya gamba lake bila kupenya nje, usiitwe tena saratani, kwa sababu waliouondolewa na kufuatiliwa kwa miaka mingi haukuwarudia. Mwaka 2017 jopo la Marekani linalotathmini huduma za kinga lilishauri kwamba watu wazima wasio na dalili wasipimwe saratani ya thairoidi hata kidogo.

Kwa hiyo ukipewa majibu yenye mstari kama ule, usiende nayo kwenye duka la vipimo lililo karibu, wala usiyafiche kwenye begi kwa woga. Mpelekee daktari anayekutibu saratani yako, si mwingine, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ugonjwa wako umefika wapi. Muulize kinundu kina ukubwa gani, kama kimeonekana kwenye CT au kimeng'aa kwenye PET, na kama mitoki ya shingo iko salama. Mkumbushe kama uliwahi kupigwa mionzi ya shingo, kama uliwahi kuondolewa figo kwa saratani, au kama kuna ndugu wa damu aliyeugua thairoidi. Kisha muulize: tukikipima na jibu likawa baya kuliko yote, utabadilisha nini katika dawa zangu? Akikujibu kwamba hatabadilisha kitu, una sababu nzuri ya kukiacha na kuendelea na matibabu yako. Zipo dalili ambazo haziingii katika mazungumzo hayo ya kusubiri: uvimbe wa shingo unaokua ndani ya wiki chache, sauti inayokauka na kutorudi, chakula kinachokwama, pumzi inayokoroma ukilala, au mtoki mgumu usiouma ubavuni mwa shingo. Ukiona mojawapo usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali, na kama ni pumzi inayobana, nenda siku hiyo hiyo.